Kurudi Windows 10 kutoka Windows 11 bila kupoteza faili zako

Jana kompyuta haikuwa na shida yoyote. Usiku imejisasisha, na asubuhi printa haionekani, Wi-Fi inakatika kila baada ya dakika mbili, au mashine yenye RAM ya GB 4 inahangaika kufungua hata Word. Wengi wetu hapo tunaibeba kwa fundi. Fundi anaitazama, anasema "hii tuipige Windows upya", na jioni inarudi nyepesi na tupu. Picha za harusi, rasimu ya tasnifu, hesabu za duka za miaka mitatu, vyote vimekwenda. Jambo hili linaniuma kila ninapoliona, kwa sababu mara nyingi hapakuwa na ulazima wowote. Windows ina njia zake za kurudi nyuma ambazo haziondoi faili zako.

Kinachopoteza faili ni mtu kurudi mbali kuliko tatizo lilivyohitaji, tena akiwa hana nakala pembeni. Kwa hiyo tutaanza na nakala, kisha hatua ndogo kabisa inayoweza kuponya tatizo, na hatua kubwa tutaiacha mwisho. Majina ya vitufe nimeyaacha kwa Kiingereza, maana ndivyo utakavyoyakuta kwenye skrini nyingi.

Kwanza hesabu siku

Unapopandisha kompyuta kutoka Windows 10 kwenda Windows 11, mfumo wa zamani haufutwi papo hapo. Unahifadhiwa kwenye folda iitwayo Windows.old ndani ya diski C, na kwa kawaida unakaa humo siku 10. Ndani ya siku hizo unaweza kurudi kwa kitufe kimoja. Zikipita, Windows inaifuta folda hiyo ili kuokoa nafasi, na kitufe hakikusaidii tena. Windows 10 ilipotoka mwaka 2015 muda huu ulikuwa siku 30. Mwaka uliofuata ukapunguzwa hadi 10, na watu wengi hawajui hata kwamba upo.

Habari njema ni kwamba muda unaongezeka, ilimradi uuongeze kabla haujaisha. Bofya Start, andika cmd, bofya kulia kwenye Command Prompt na uchague Run as administrator. Kisha andika mstari huu na ubonyeze Enter:

DISM /Online /Get-OSUninstallWindow

Utaonyeshwa idadi ya siku zilizowekwa. Sasa andika:

DISM /Online /Set-OSUninstallWindow /Value:60

Siku 60 ndiyo kikomo. Fanya hivi leo hata kama hujaamua kurudi, kwa sababu hakuna hasara zaidi ya nafasi ya diski. Na nafasi hiyo ndiyo mtego wenyewe. Windows.old inaweza kula GB nyingi, na diski C ikijaa mtu anafungua Disk Cleanup, anaweka alama kwenye Previous Windows installations, anafuta, anafurahi. Amekata daraja. Programu za "kusafisha kompyuta" nazo huweza kufanya vivyo hivyo bila kukueleza vizuri. Kama nafasi imebana, hamisha video na sinema kwenda diski ya nje, Windows.old usiiguse.

Nakala, na mahali ambapo faili hujificha

Utasoma kila mahali kwamba kitufe cha kurudi nyuma hakigusi faili binafsi. Ni kweli, ndivyo kilivyoundwa. Lakini umeme unaweza kukatika katikati ya kazi, diski ya zamani inaweza kufa siku hiyohiyo, na hata Microsoft wenyewe wamewahi kukosea. Toleo la Windows 10 lililoitwa 1809 lilitoka tarehe 2 Oktoba 2018, na ndani ya siku chache likasimamishwa kwa sababu baadhi ya watu walikuta faili zao zimefutwa. Chanzo kilihusu folda kama Documents zilizokuwa zimehamishiwa mahali pengine. Sasisho liliiona folda ya mahali pa awali kuwa haina kazi, likaifuta pamoja na faili zilizobaki ndani yake. Lilirudishwa kwa umma tarehe 13 Novemba mwaka huo. Waliokuwa na nakala hawakuwa na cha kuogopa.

Unahitaji diski ya nje au flashi yenye nafasi ya kutosha. Ikiwa flashi imefomatiwa kwa FAT32 (mpangilio wa zamani wa kuhifadhi faili), haitakubali faili moja inayozidi GB 4, hata kama ndani ina GB 60 wazi. Video ndefu na faili kubwa za barua pepe hukwama hapo. Ifomati kwanza kwa exFAT ikiwa haina kitu unachokitaka.

Kisha fungua C:\Users na uingie kwenye folda yenye jina lako. Desktop, Documents, Downloads, Pictures, Videos na Music ndizo za wazi. Usiipuuze Desktop, maana wengi wetu tunaweka kila kitu pale, na pale ndipo fundi mwenye haraka husahau kunakili.

Sasa zile zilizojificha. Ukitumia OneDrive, huenda Desktop na Documents zako halisi zimo ndani ya folda ya OneDrive, na ile Documents ya kawaida ni tupu. Mbaya zaidi, baadhi ya faili unazoziona humo hazimo kwenye kompyuta kabisa. Ziko kwenye mtandao, na kwenye kompyuta kuna alama yake tu. Zitambue kwa kiwingu cha buluu pembeni ya jina. Bofya kulia kwenye folda, chagua Always keep on this device, na usubiri zishuke zote kabla ya kunakili. Hii inakula bando, kwa hiyo tafuta Wi-Fi kama faili ni nyingi.

Wenye biashara wanaotumia QuickBooks waangalie pia C:\Users\Public\Documents, kwa sababu faili za kampuni mara nyingi huwekwa huko na si kwenye Documents ya mtumiaji. Njia salama zaidi ni kutumia kitufe cha kutengeneza nakala kilichomo ndani ya programu yenyewe, kisha kuipeleka nakala hiyo kwenye diski ya nje. Anayetumia Outlook yenye faili za PST, yaani zile zinazohifadhi barua pepe kwenye kompyuta yenyewe, atazikuta mara nyingi kwenye Documents, folda ya Outlook Files. Vialamisho vya kivinjari na maneno ya siri yaliyohifadhiwa humo viko kwenye folda iliyofichwa ya AppData. Ni rahisi zaidi kuingia kwenye akaunti yako ya Chrome, Edge au Firefox na kuwasha uoanishaji (sync) kuliko kuvitafuta humo.

Kunakili kwa kuburuta na kipanya kunatosha. Kama folda ni kubwa na hutaki kazi isimame kwa sababu ya faili moja iliyoharibika, tumia robocopy, amri ya Windows ya kunakili, ndani ya Command Prompt. Badili jina na herufi ya diski kulingana na zako:

robocopy "C:\Users\Jina\Documents" "E:\Akiba\Documents" /E /XJ /R:1 /W:1

Usiongeze /MIR kama ulivyoona kwa mtu mwingine, maana hiyo hufuta upande wa pili kila kisichokuwepo upande wa kwanza.

Ukimaliza, hakiki. Bofya kulia kwenye folda ya asili, chagua Properties, tazama idadi ya faili na ukubwa, kisha fanya hivyo kwa nakala. Fungua picha kadhaa na hati kadhaa moja kwa moja kutoka kwenye flashi, ikiwezekana kwenye kompyuta nyingine. Nakala ambayo haijafunguliwa bado ni matumaini tu. Kisha chomoa diski hiyo kwa njia ya usalama na uiweke kando; isikae imechomekwa wakati mfumo unabadilishwa.

Kuna wanaoamini kwamba wako salama kwa sababu faili ziko diski D. Kwenye kompyuta nyingi C na D ni vipande viwili vya diski moja. Kurudi nyuma kwa kitufe hakugusi D, hilo ni kweli, lakini diski ikifa vinakufa vyote, na anayepiga Windows upya akifuta vipande vyote ili aanze na ukurasa mweupe, D nayo inakwenda.

Ufunguo wa tarakimu 48

Hatua hii wengi hawaijui mpaka wamekwama. Kompyuta nyingi za siku hizi zimefungwa kwa usimbaji wa diski, unaoitwa BitLocker au Device encryption, na mara nyingine huwashwa wenyewe mtu anapoingia kwa akaunti ya Microsoft mara ya kwanza. Ukigusa mfumo au mipangilio ya BIOS (programu inayoamsha kompyuta kabla ya Windows), kompyuta inaweza kuwaka na skrini ya buluu ikiomba ufunguo wa tarakimu 48. Bila ufunguo huo, faili zipo lakini hakuna awezaye kuzisoma. Si wewe, si fundi, si Microsoft.

Angalia kwenye Settings, Privacy & security, Device encryption. Au andika kwenye Command Prompt ya msimamizi:

manage-bde -status C:

Kama ulinzi umewashwa, nenda account.microsoft.com/devices/recoverykey, ingia kwa akaunti yako, na uandike ufunguo kwenye karatasi. Unaweza pia kuuona kwenye kompyuta yenyewe wakati bado inawaka:

manage-bde -protectors -get C:

Walionunua laptopu iliyotumika, au waliofunguliwa mashine mpya na muuzaji dukani, wawe waangalifu zaidi. Ufunguo huhifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft ya msimamizi wa kwanza aliyeingia, na kama ni muuzaji aliyeingia kwa akaunti yake ili akuonyeshe kwamba mashine inafanya kazi, ufunguo wako uko kwake. Uchukue sasa kwa amri hiyo ya pili, wakati kompyuta bado inakutii. Ukipenda kuondoa wasiwasi kabisa, zima usimbaji kwanza na usubiri umalize kufungua diski, kisha utauwasha tena kazi ikiisha.

Je, ni lazima urudi Windows 10 nzima?

Jiulize ni nini hasa kilichoharibika, na kiliharibika lini. Kama ulipandisha kwenda Windows 11 miezi sita iliyopita na tatizo limeanza wiki hii, Windows 11 huenda haina kosa, na kurudi Windows 10 ni kazi kubwa kwa tatizo dogo.

Kifaa kimoja kikigoma, mfano Wi-Fi, sauti au kioo, tatizo huwa ni draiva, yaani programu ndogo inayoiwezesha Windows kukitumia kifaa hicho. Bofya kulia kwenye Start, fungua Device Manager, tafuta kifaa, bofya mara mbili, nenda Driver, kisha Roll Back Driver. Kitufe kikiwa kijivu, hakuna draiva ya zamani iliyohifadhiwa. Ipakue kutoka tovuti ya mtengenezaji wa laptopu.

Kama kompyuta imeharibika baada ya sasisho la kila mwezi, liondoe hilo peke yake. Settings, Windows Update, Update history, Uninstall updates. Tazama tarehe, na uondoe lililoingia siku tatizo lilipoanza. Kila sasisho lina namba inayoanza na KB. Iandike ili ulitambue likirudi. Baada ya hapo bofya Pause updates, vinginevyo kompyuta italirudisha usiku uleule. Unaweza kusimamisha hadi wiki 5.

Njia ya tatu ni System Restore. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika rstrui, Enter. Kama kuna tarehe za kurudia, chagua ya kabla ya tatizo na ubofye Scan for affected programs ili uone programu gani zitaondoka. Hati na picha zako haziguswi. Wengi hukuta orodha tupu kwa sababu kinga hii haikuwa imewashwa. Itafute kwa kuandika "Create a restore point" kwenye Start na uiwashe kwa ajili ya siku zijazo. Isipokuwa tu usitarajie ikutoe Windows 11 hadi Windows 10, maana tarehe za kabla ya kupandisha hazivuki upande wa pili.

Kitu kingine kinachowachanganya watu wengi ni Reset this PC. Ndani yake kuna Keep my files, na maneno hayo yanavutia. Kitufe hicho kinasakinisha upya Windows ileile uliyonayo. Ukiwa Windows 11, utabaki Windows 11, na programu zako zote ulizosakinisha zitaondolewa. Ni dawa ya ugonjwa mwingine.

Kurudi kwa kitufe, ukiwa ndani ya muda

Umeamua. Nakala iko, ufunguo uko kwenye karatasi. Chomeka chaji na usiende popote bila chaji hiyo, hata kama betri inasoma asilimia 100. Kama umeme wa mtaa wenu una kawaida ya kukatika jioni, fanya kazi hii asubuhi. Kompyuta ya mezani isiyo na UPS (betri ya akiba ya umeme) ndiyo yenye hatari zaidi hapa. Azima UPS kwa siku moja.

Kumbuka pia nenosiri ulilokuwa ukilitumia kwenye Windows 10. Kama ulilibadilisha baada ya kupandisha, la zamani ndilo litakalohitajika. Na kama umeongeza akaunti mpya ya mtumiaji baada ya kupandisha, inakili faili zake kisha uiondoe, maana Windows 10 ile haiifahamu.

1. Fungua Settings, kisha System, kisha Recovery.
2. Kwenye mstari wa Go back, bofya Go back. Kama kitufe ni kijivu au hakipo, muda umepita au Windows.old imefutwa. Ruka hadi sehemu ya kupiga Windows upya.
3. Utaulizwa kwa nini unarudi. Chagua sababu yoyote.
4. Utaulizwa kama unataka kutafuta masasisho kwanza. Bofya No, thanks.
5. Soma onyo. Linasema programu ulizosakinisha baada ya kupandisha zitaondoka na mipangilio uliyobadilisha haitakuwepo. Ziandike programu hizo mahali ili uzirudishe.
6. Utakumbushwa nenosiri la zamani. Endelea.
7. Bofya Go back to Windows 10.

Kompyuta itazima na kuwaka yenyewe mara kadhaa. Yenye SSD (diski ya kisasa isiyozunguka) humaliza mapema; yenye diski ya kuzunguka inaweza kukaa saa nzima au zaidi, na asilimia zikasimama mahali pamoja mpaka ukadhani imekufa. Iache. Taa ya diski ikiwa inawaka na kuzima, bado inafanya kazi. Kuizima kwa nguvu hapo katikati ndiko kunakozaa mashine isiyowaka kabisa.

Ikiwa kompyuta haiwaki hata kufika kwenye skrini ya nenosiri

Bado kuna mlango. Washa, na mara nembo ya Windows inapotokea shikilia kitufe cha kuwashia kwa sekunde 10 hadi izime. Rudia mara mbili au tatu. Inapowaka tena, Windows itatambua kwamba imeshindwa kuanza na itakupeleka kwenye mazingira ya urekebishaji. Kama unafika kwenye skrini ya nenosiri lakini huwezi kuingia, ni rahisi zaidi: shikilia Shift huku ukibofya alama ya kuzima na Restart.

Humo nenda Troubleshoot, Advanced options, Uninstall Updates. Kuna chaguo mbili. Uninstall latest quality update huondoa sasisho la kila mwezi. Anza na hiyo. Uninstall latest feature update hukurudisha toleo la kabla ya kupandisha, kwa masharti yaleyale ya Windows.old. Hapa ndipo mara nyingi utaombwa ule ufunguo wa tarakimu 48.

Kama hukuwahi kunakili, bado unaweza kufanya hivyo ukiwa humo humo, na hili ningependa kila fundi alijue. Kwenye Advanced options fungua Command Prompt, andika notepad, Enter. Ndani ya Notepad bofya File, Open, na chini ubadilishe Text Documents iwe All Files. Dirisha hilo dogo sasa linakuonyesha diski zote. Chomeka diski ya nje, ingia Users, bofya kulia folda yako, Copy, nenda kwenye diski ya nje, Paste. Herufi za diski huweza kubadilika ukiwa humu, kwa hiyo C ya kawaida unaweza kuikuta ikiitwa D. Tambua kwa yaliyomo. Hakuna mstari wa kuonyesha kazi imefika wapi. Dirisha litaganda, nawe subiri. Likirudi kukusikiliza, fungua folda ya nakala na uhesabu.

Muda ukiwa umepita: kupiga Windows 10 upya kwa uangalifu

Hapa programu zote zitaondoka na utazisakinisha upya. Faili zinaweza kubaki, lakini sasa nakala uliyoitengeneza juu ndiyo tegemeo lako halisi. Kama bado hukuitengeneza, rudi ukaitengeneze.

Pakua Media Creation Tool ya Windows 10 kutoka tovuti ya Microsoft, microsoft.com/software-download/windows10. Utahitaji flashi ya GB 8 au zaidi, na flashi hiyo itafutwa yote. Hakikisha si ileile uliyowekea nakala zako. Pakua pia draiva ya Wi-Fi ya laptopu yako kutoka kwa mtengenezaji na uiweke kwenye diski nyingine, usije ukamaliza kusakinisha ukakuta huna mtandao wa kupakulia kilichobaki.

Zima kompyuta, chomeka flashi, washa huku ukigonga kitufe cha kuchagulia diski ya kuanzia. Dell na Lenovo ni F12, HP ni Esc kisha F9, ASUS mara nyingi ni Esc. Chagua flashi, endelea, na ukiulizwa namba ya leseni bofya I don't have a product key. Chagua toleo lilelile ulilokuwa nalo, Home au Pro. Leseni imefungamana na mashine, na ukiunganisha mtandao itajitambua yenyewe.

Kisha chagua Custom: Install Windows only. Utaletewa orodha ya vipande vya diski. Chagua kile chenye Windows, kwa kawaida ndicho kikubwa, na ubofye Next. Usibofye Delete. Usibofye Format. Usipofuta wala kufomati, kisakinishi kitakuambia kwamba mfumo wa zamani utahamishiwa Windows.old, na ndani yake itakuwemo folda ya Users pamoja na faili zako. Lazima kipande hicho kiwe na nafasi ya kutosha na kiwe hakijafungwa kwa BitLocker.

Windows 10 ikishawaka, fungua C:\Windows.old\Users, ingia kwenye folda yako, bofya Continue ukiombwa ruhusa, na uhamishe kila kitu kwenda mahali pake. Fanya siku hiyohiyo, maana Windows.old haikai milele.

Ukimpelekea fundi, mwambie kabla hajaiwasha: "Fundi, naomba usifomati. Nakili Desktop na Documents kwanza, nizione kwenye diski yangu, ndipo uendelee." Fundi mzuri hatakasirika. Mpe diski yako ya nje badala ya kutegemea aweke nakala kwenye kompyuta yake ya kazini, ambako picha za familia yako hazina sababu ya kukaa.

Ukishafika Windows 10

Microsoft ilisitisha masasisho ya kawaida ya usalama ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa watumiaji wa nyumbani kuna nyongeza hadi 13 Oktoba 2026, kwa kompyuta zenye toleo 22H2. Unajiandikisha kupitia Settings, Update & Security, Windows Update, kwa akaunti ya Microsoft, ama kwa dola 30 za Marekani ama bila malipo ukiwasha uhifadhi wa mipangilio yako kwenye akaunti hiyo. Jiandikishe siku ileile uliyorudi. Kompyuta inayotumika kwa benki mtandaoni au kuwasilisha kodi isikae bila masasisho ya usalama. Kwa mashine ya namna hiyo mimi ningejaribu kwanza kuongeza RAM na kuweka SSD, nikabaki Windows 11.

Windows 10 itaendelea kukuletea ofa ya Windows 11 kama mashine inakidhi vigezo. Ukiiona, bofya Stay on Windows 10 for now. Wenye toleo la Pro wanaweza kuifunga kabisa: bonyeza Windows na R, andika gpedit.msc, nenda Computer Configuration, Administrative Templates, Windows Components, Windows Update, Windows Update for Business, fungua Select the target Feature Update version, chagua Enabled, andika Windows 10 kwenye nafasi ya kwanza na 22H2 kwenye ya pili.

Nakala yako ya nje usiifute kwa sababu tu Desktop imerudi ilivyokuwa. Fungua kila programu unayoitegemea, chapisha ukurasa mmoja, fungua faili ya hesabu za mwezi uliopita, tuma barua pepe moja kutoka Outlook. Ipe mwezi mzima wa kazi ya kawaida, upitie mishahara na malipo ya mwisho wa mwezi, ndipo uamue kama unahitaji nafasi hiyo kwa kitu kingine.